Habari za Nathanael Saint, Rubani wa Misheni

Katika kitabu hiki cha Jubili tumewakumbuka mapadre, walimu na mama wauguzi walioileta Injili katika nchi yetu kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa baiskeli. Sasa twataka kusimulia habari za mtu mmoja ambaye hakuwa padre wala askofu, wala hakuiona nchi yetu kwa macho. Alikuwa fundi na rubani wa eropleni. Lakini chama alichokitumikia kimefika hata Afrika ya Mashariki, na kila mtaa wa mbali uliopata kufyeka nyasi ili eropleni ya daktari itue, umekula matunda ya kazi yake na ya wenzake. Jina lake Nathanael Saint, nao rafiki zake walimwita Nate.

Kabla ya kusimulia maisha yake, yatupasa kueleza kwanza hatari aliyopigana nayo, kwa kuwa wasioijua hawataielewa kazi yake. Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ya eropleni iko juu mawinguni. Marubani wajua ya kuwa hatari kubwa iko karibu na ardhi. Eropleni ikiwa juu, rubani ana nafasi ya kuyarekebisha makosa yake. Inaposhuka kutua nafasi hiyo hupungua, na mwisho haipo kabisa. Uwanja ukiwa mfupi, rubani hana budi aguse nchi mwanzoni mwake. Akigusa mbele kupita kiasi, au akija na upepo mgongoni, au akija kwa kasi mno, eropleni itaumaliza uwanja kabla haijasimama, nayo itaingia porini, au mtoni, au katika miti. Nyasi zikiwa na maji, breki hulishika gurudumu, lakini gurudumu lenyewe huteleza. Tena mahali pa juu milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo eropleni huhitaji kasi zaidi ili mabawa yaichukue, na uwanja mrefu zaidi ili isimame. Hata kichuguu kimoja, au shimo la muhanga, au ng'ombe aliyepotea, hutosha kuivunja. Mambo haya ndiyo Nate Saint aliyoyafikiri mchana na usiku.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1923 katika Huntingdon Valley, jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, mtoto wa saba katika watoto wanane. Baba yake, Lawrence Saint, alikuwa fundi wa madirisha ya vioo vya rangi, na baadhi ya madirisha aliyoyafanya yamo katika kanisa kuu la Washington. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya sala, tena nyumba ya kazi za mikono, na watoto walijifunza tangu utoto ya kuwa kazi iliyofanywa ovyo haimpendezi Mungu. Kaka yake Sam alikuwa rubani, naye ndiye aliyempandisha Nate katika eropleni mara ya kwanza alipokuwa na umri wa miaka saba. Tangu siku ile moyo wake ulikuwa juu hewani.

Alipokuwa kijana mdogo alishikwa na ugonjwa wa mfupa katika mguu mmoja. Akapona, likabaki kovu. Vita Kuu ya pili ilipokuja aliingia jeshini, na katika mwaka 1943 akakubaliwa kufundishwa urubani wa vita. Lakini mafundisho ya kuruka yalipokuwa karibu kuanza, lile kovu likawaka tena, na waganga wa jeshi wakamkataza. Tamaa yake yote ikaanguka. Wengi wangaliona uchungu maisha yao yote. Yeye alitumikia jeshini kama fundi wa eropleni, akajifunza kuzifungua na kuzifunga injini na kutengeneza mabawa. Hata usiku wa kuukaribisha mwaka 1945, akiwa katika ibada huko Detroit, aliamua kumtolea Mungu maisha yake kwa kazi ya misheni. Ule ufundi alioupata badala ya urubani ndio uliokuja kumfungulia mlango.

Maana wakati ule marubani Wakristo kadha wa kadha waliotoka vitani walikuwa wameunda chama cha kuwachukua wamisheni kwa eropleni. Chama hicho baadaye kiliitwa Mission Aviation Fellowship. Eropleni yao ya kwanza ilikuwa ya aina ya Waco, yenye mabawa mawili kila upande, nayo ilipelekwa Mexico mwaka 1946 na mwanamke aliyekuwa rubani hodari, Betty Greene. Haukupita muda mrefu, ikapata ajali. Rubani mwingine alipokuwa akitua katika uwanja mwembamba wa msituni, eropleni iligonga kibanda kilichokuwa kando ya uwanja, ikavunjika mabawa, rafadha na magurudumu. Hakufa mtu, lakini chama kilikuwa na eropleni ile moja tu, nayo sasa ilikuwa lundo la mbao zilizopasuka na vitambaa vilivyochanika.

Wakamwita Nate Saint aende kuitengeneza. Hakuwa na karakana wala vyombo vya kutosha. Mabawa yale yalikuwa ya mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi na kufunikwa kitambaa, na kila kipande kilichovunjika kilitakiwa kufanywa upya kwa kipimo kile kile. Akafanya hivyo kwa uvumilivu, kipande kwa kipande, hata eropleni ikaruka tena. Hivyo kazi yake ya kwanza katika misheni ilikuwa kuokota vipande vya ajali ya kutua. Mtu aliyeyashika kwa mikono yake mabawa yaliyovunjwa na kibanda kidogo, hawezi tena kudharau kitu kidogo kilicho kando ya uwanja.

Baada ya hayo alisoma kwa kitambo katika chuo cha Wheaton. Tarehe 14 Februari 1948 akamwoa Marjorie Farris, mwuguzi, na katika mwaka uo huo wakaenda pamoja katika nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Makao yao yalikuwa Shell Mera, chini ya milima ya Andes, mahali ambapo kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa na kambi na uwanja wa eropleni. Mbele yao ulikuwa msitu mkubwa wa mito ya Amazon. Wamisheni waliokaa humo walikuwa mbali na duka, mbali na hospitali, mbali na wenzao. Njia zilikuwa matope na mizizi, na mwendo uliomchukua mtu siku nyingi kwa miguu, eropleni iliumaliza kwa dakika chache.

Lakini kabla ya mwaka kwisha, Nate mwenyewe alionja alilokwisha kuliona Mexico. Mwisho wa Desemba 1948 aliondoka katika uwanja wa Quito, mji mkuu, pamoja na mama mmoja na mtoto wake. Mji ule uko juu sana, kadiri ya mita 2,800, na hewa yake ni nyepesi. Walipokwisha kuruka, upepo wa kushuka kutoka milimani uliikandamiza eropleni, injini isiweze kuipandisha, ikaanguka. Kwa rehema ya Mungu wote watatu walipona, lakini Nate alivunjika mfupa wa mgongo, akafungwa kwa plasta kifuani na mgongoni kwa muda mrefu.

Katika kulala kule hakulaumu upepo, wala hakusema ya kuwa ni amri ya Mungu akaishia hapo. Alirudia kila hatua ya safari ile moyoni mwake, akauliza ni lipi lililo katika uwezo wa rubani na lipi lisilo katika uwezo wake. Upepo haumo mikononi mwetu. Uzito wa mizigo umo. Saa ya kuondoka imo. Kuamua kurudi kabla ya kuchelewa kumo. Tangu wakati huo watu waliosafiri naye walimwona mtu mwenye kupima kila kitu. Mzigo uliozidi ulibaki chini, hata mwenye mzigo akinung'unika. Rubani mwema hujulikana zaidi kwa yale anayoyakataa.

Nyanja za msituni alizozitumia zilifyekwa kwa mapanga na wenyeji. Nyingi zilikuwa fupi, zenye miti mirefu pande zote, na mvua ya nchi ile hainyeshi kwa majira bali karibu kila siku. Rubani hana budi apite kwanza juu ya uwanja, atazame maji yaliyotuama, atazame kama kuna mnyama au mti ulioanguka, atazame moshi unakwenda upande gani ili aujue upepo. Kisha achague mahali pa mwisho ambapo, asipokuwa amegusa nchi, atatia nguvu injini na kupanda tena. Jambo hili ni rahisi kulisema, tena ni gumu kulitenda. Maana chini wako watu wanaongoja, pengine na mgonjwa kitandani, na aibu ya kupita bila kutua humvuta mtu atue mahali asipopaswa. Ajali nyingi za kuupita mwisho wa uwanja zimeanzia katika moyo wa namna hiyo.

Nate alitafuta pia njia za kupunguza hatari kwa ufundi wake. Eropleni yake ilikuwa ndogo, ya rangi ya manjano, aina ya Piper Family Cruiser, yenye viti vinne na injini moja tu. Petroli ikikoma kufika katika injini, rubani hana pa kutua ila juu ya vilele vya miti. Akafanya tangi dogo la akiba kwa madebe ya mafuta ya kupikia, akalifunga nje chini ya bawa, akaunganisha mpira wa kupitisha petroli mpaka katika injini. Kisha akapanda juu ya uwanja wake, akaifunga petroli ya njia ya kawaida kwa mkono wake, akafungua ile ya akiba. Injini ikaendelea kunguruma. Jambo lile alilijaribu penye uwanja chini yake, wala hakungoja lijaribiwe na msitu.

Tena alijua ya kuwa ziko pahali ambapo uwanja haupo kabisa, na kutua ni kufa. Je, watu wa huko waachwe? Akatafuta shauri. Aliona ya kuwa kitu kikifungwa mwisho wa kamba ndefu, na eropleni ikizunguka juu katika duara, hewa huivuta kamba hata kitu kile kikae katikati ya duara karibu kimya. Kamba ikiongezwa, kitu hushuka polepole, hata mtu aliye chini aweza kukishika kwa mkono. Kwa njia hiyo ndoo ilishushwa yenye dawa au barua, na watu wa chini wakatia majibu yao, ikapandishwa tena. Hivyo alihudumia mahali asipoweza kutua, wala hakujidanganya ya kuwa imani itarefusha uwanja.

Mkewe Marjorie alikuwa mshiriki wake katika yote. Alikaa penye redio Shell Mera, akazungumza na vituo vya msituni, akaandika kila safari, mahali ilipo eropleni na saa ya kurudi. Walipata watoto watatu. Wake za marubani wajua maana ya kutazama saa.

Sasa twafikia mwisho wa habari zake. Katika msitu ule walikaa watu waitwao Waorani, ambao majirani zao waliwaita kwa jina la kuwatukana. Walikuwa wakiwaogopa wageni, nao waliogopwa sana kwa mikuki yao. Hata wao kwa wao waliuana kwa visasi. Nate na rafiki zake wanne, Jim Elliot, Ed McCully, Peter Fleming na Roger Youderian, walitamani kuwapelekea habari za Kristo. Tangu Oktoba 1955 Nate aliwashushia zawadi kwa ile kamba, wiki baada ya wiki, nao Waorani wakaanza kufunga zawadi zao katika kamba, hata kasuku aliye hai.

Ikabaki swali la mahali pa kutua. Katika mto Curaray palikuwa na ufuko wa mchanga, nao wakauita Palm Beach. Nate hakukisia urefu wake kwa macho. Aliruka juu yake kwa mwendo uliojulikana, wakadondosha mifuko midogo ya unga wa rangi kwa vipindi vilivyopimwa, na kwa alama zile wakapata urefu: kadiri ya mita 180. Ulikuwa mfupi, tena mchanga ulikuwa laini, na mchanga laini huyashika magurudumu, hasa wakati wa kuondoka. Tarehe 3 Januari 1956 akatua. Siku ile akaenda na kurudi mara kadhaa, akiwapeleka wenzake na vyombo vyao. Usiku hakuiacha eropleni pale ufukoni, maana mto ule huweza kujaa ghafula. Kila jioni aliirudisha Arajuno.

Tarehe 6 Januari wakaja Waorani watatu, mwanamume na wanawake wawili, wakakaa nao kwa amani, na yule mwanamume akarushwa katika eropleni juu ya kijiji chake. Tarehe 8 Januari, siku ya Jumapili, Nate alizungumza na mkewe kwa redio baada ya adhuhuri, wakapatana kuzungumza tena saa kumi na nusu. Saa ile ikafika, redio ikawa kimya. Wote watano walikuwa wamekwisha kuuawa kwa mikuki pale ufukoni. Walikuwa na bunduki, lakini walikuwa wamepatana wasiwaue Waorani kwa kuziokoa roho zao wenyewe. Eropleni ilionekana kesho yake mchangani, imechunwa kitambaa chake chote. Nate alikuwa na umri wa miaka 32.

Basi mtu huyu aliyeogopa uwanja mfupi na kuupima, hakuuawa na uwanja. Kila mara alipotua Palm Beach, alitua salama. Wako watu waliouliza, na mpaka leo wako wanaouliza, kama wale watano hawakufanya haraka, kwa kuwa waliupima mchanga lakini hawakuweza kuipima mioyo ya watu ambao hawakuijua lugha yao vema. Swali hilo ni la haki, wala sisi hatulikatazi. Twaona tu ya kuwa hatari ya upuuzi na hatari ya upendo si kitu kimoja. Ile ya kwanza Nate aliifukuza siku zote za kazi yake. Hii ya pili aliijua, akaikubali.

Wala habari haikuishia ufukoni. Katika mwaka 1958 dada yake, Rachel Saint, pamoja na Elisabeth Elliot, mjane wa Jim, walikwenda kukaa kati ya Waorani, na baadhi ya wale waliochoma mikuki wakamwamini Kristo na kuacha visasi. Katika mwaka 1965 watoto wawili wa Nate, binti yake na mwanawe mkubwa, walibatizwa katika mto ule ule wa Curaray, na waliowabatiza walikuwa watu waliokuwamo siku ya mauaji. Mabaki ya ile eropleni ya manjano yalipatikana katika mchanga wa mto mwaka 1994.

Twaweza kuulizwa, mambo hayo ya Amerika yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Katika Januari ya mwaka 1948 watu wawili wa chama cha namna hiyo waliondoka Uingereza kwa eropleni ndogo ya aina ya Gemini, kuja kuchunguza jinsi misheni za Afrika zinavyoweza kusaidiwa. Walivitembelea vituo vingi vya nchi hizi. Katika Julai ya mwaka huo eropleni yao iligonga mlima katika nchi ya Burundi ikavunjika kabisa, nao wakatoka wazima. Chama hakikukata tamaa. Mwaka 1950 kazi ikaanzishwa Sudan, na baadaye katika Kenya, Tanzania na Uganda. Wagonjwa wetu wengi wamebebwa hewani kwa sababu watu wale hawakuacha baada ya ajali, tena hawakuisahau ajali.

Nasi tunayo sehemu yetu. Rubani aweza kupima mizigo na upepo, lakini hawezi kufyeka nyasi akiwa hewani. Mtaa ulio na uwanja wa eropleni umewekewa amana. Wazee wahesabu zamu za kufyeka. Vijana wajaze mashimo na kuvunja vichuguu. Wachungaji wa ng'ombe wafundishwe kuyaondoa makundi wasikiapo ngurumo. Mtu asijenge kibanda kandokando. Wala tusimlaumu rubani akipita juu yetu na kurudi zake kwa sababu ya mvua, hata kama tumemngoja kwa hamu. Yamkini siku hiyo ameziokoa roho nne. Kazi hizo hazitaandikwa katika kitabu cha Jubili, lakini Mungu aziona, na mama aliye katika uchungu wa kuzaa atazijua siku magurudumu yatakapogusa nchi na kusimama salama.

Bwana awapumzishe katika amani Nathanael Saint na wenzake, awalinde marubani wote waendao kwa ajili ya wagonjwa na wahitaji, na sisi atupe moyo wa kuthubutu na akili ya kupima. Amina.